Maawisi ya Aabo

Ungemwona Yurub alasiri ile, ameinamia cherehani ya mkono pale kibarazani, mweupe toka ushungi hadi pindo la gauni, ungedhani anawahi harusi. Harusi gani! Mtu alikuwa kwenye eda, na kwetu mjane huvaa nyeupe. Mumewe Abdijabar alikuwa amekufa, eda yenyewe haijafika nusu, na mwanamke wa watu alikuwa anashona ndevu.

Naam, ndevu. Usicheke kwanza.

Ndevu zilikuwa za binti yake Ilwad, mtoto wa miaka mitano, na lawama zote ziende kwa Mwalimu Bishara wa chekechea. Bishara ni msichana mwema, sauti yake laini, lakini haishiwi na mambo mapya. Alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wazazi: Alhamisi itakuwa Siku ya Kazi, kila mtoto aje amevaa nguo za kazi anayotaka kuifanya akiwa mkubwa, na wazazi waje watazame. Basi mtaa wetu wa Bula Iftin ukakosa amani. Huyu anashonewa koti la daktari, yule kofia ya rubani, na kuna mama mmoja alizunguka maduka yote ya Garissa akitafuta vifungo vya kung'aa vya polisi, akavikosa, akagombana na mwenye duka.

Ilwad alipoulizwa hakupepesa macho.

“Mimi nataka kuwa dalali wa ngamia,” akasema. “Kama Aabo.”

Nyanya yake Isnino alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Mkono ukasimama. “Dalali? Wewe msichana?”

“Ndiyo, Ayeeyo. Na ndevu.”

“Na ndevu! Ya Rabbi, nimeishi mpaka nimeyaona haya.”

Lakini walijua vizuri mtoto kayatoa wapi. Aabo ndiye baba, na Abdijabar alikuwa dalali pale soko la mifugo, na dalali anayejulikana. Mvi zilimwahi mapema, akawa anazitia hina, ndevu zikawa nyekundu. Ukitaka kumtafuta kwenye vumbi la ngamia mia na watu mia, wewe tafuta kidevu chekundu. Alivaa maawisi, ile shuka ya miraba ambayo wanaume wa kwetu hujifunga kiunoni, fimbo mkononi, shali begani. Shali haikuwa pambo. Madalali hawatangazi bei hadharani. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shali, wanabanana vidole, kila kidole na thamani yake, na nyinyi mliosimama pembeni mnabaki kutazama nyuso zao kama wajinga. Abdijabar alimfundisha binti yake lugha hiyo ya vidole kwa peremende. Jioni wakikaa mkekani, mikono chini ya shali, Ilwad amekunja uso kama mzee wa miaka sitini, baba mtu anaapa wallahi atafilisika. Yurub alikuwa anawapigia kelele waje kula, na hawasikii.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana haliepukiki. Abdijabar alikuwa amekwenda Griftu, kwenye soko la huko, kuwanunulia watu ngamia. Wakati wa kurudi lori likapinduka, hata halijafika mbali. Wakamzika huko huko siku ile ile, kabla ya magharibi, kama inavyotakiwa, na simu ilipofika Garissa mtu alikuwa tayari yuko chini ya udongo. Yurub hakuuona uso wake. Isnino, aliyemzaa, hakuuona uso wake. Ilwad wala hakuwa nyumbani. Alikuwa Kotile kwa shangazi yake, anafukuzana na ndama, na wakubwa wakakata shauri abaki huko mpaka watu wa tazia wapungue.

Aliporudi aliingia mbio na chupa ya maziwa ya ngamia, kaishika kwa mikono miwili. “Ya Aabo hii. Aabo yuko wapi?”

Yurub alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameyapanga maneno, akayarudia, akayaombea dua. Kinywa kilipofunguka kikatoa neno moja tu.

“Griftu.”

Si uongo, alijiambia. Yuko Griftu kweli. Lakini kesho yake mtoto akauliza atarudi lini, na Yurub, Mungu amsamehe, akasema, “Atakuja.” Hapo basi. Ukishasema hilo leo, kesho unalisema kwa urahisi zaidi, na mtondo unalisema huku unakoroga chai.

Mtaa mzima ukafungwa mdomo. Waliokuja kutoa pole walinong'ona. Fosia, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliwatisha wanawe kwamba atakayeropoka atalala nje. Mwalimu Bishara naye akaambiwa, na kila Ilwad aliposema darasani “Aabo wangu atakuja na ngamia mweupe,” mwalimu aliitikia inshallah, akageukia ubao. Nguo nyeupe za mama? Joto. Mbona mama hatoki? Mguu unamuuma. Nguo za marehemu zilikwisha kutolewa sadaka, na sanduku likatiwa kufuli ili mtoto asijue limebaki tupu.

Isnino peke yake alikataa kuingia katika mchezo huo. Ni mama mkali, hana maneno mengi. “Mimi simo,” alimwambia Yurub siku ya kwanza. “Akiniuliza nitamwambia akuulize wewe. Nimempoteza mwanangu, siwezi kuongeza na dhambi ya kumdanganya mwanawe.” Na akatimiza. Kila Ilwad alipomwendea, “Ayeeyo, Aabo anakuja lini?” jibu lilikuwa lile lile: “Muulize mama yako.”

Kwa nini Yurub hakusema? Nimewasikia wengi wakimlaumu, na wote waliomlaumu walikuwa na waume zao nyumbani. Nyumba ile ilikuwa imeshamgeuza Abdijabar kuwa marehemu. Marehemu alipenda chai kali, marehemu alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Ilwad ndiye peke yake aliyesema Aabo anapenda, Aabo anataka, Aabo akija. Yurub alimsikiliza kwa uchu. Kila mtoto aliposema hivyo, mtu wake aliishi dakika moja zaidi. Alijua anafanya makosa. Hakuweza kuacha, ndiyo hivyo.

Basi turudi kwenye ndevu. Alizitengeneza kwa kamba ya katani, akaifumua nyuzi nyuzi, akazichana, akazishonea kwenye utepe wa lastiki wa kupita nyuma ya masikio. Ilibaki rangi. Mwenye eda hagusi hina, hata ya kumpaka mtoto, viganja vitabaki vyekundu na mji utasema. Fosia akazichukua kwake, akazirudisha kesho yake zimekolea, bado mbichi, zimening'inia kwenye kijiti.

“Abaayo, dada yangu,” Fosia alisema, naye akijizuia, “hizi ni zake kabisa. Nimeziangalia nikaogopa.”

“Usinilize, Fosia. Nina kazi.”

Kazi ilikuwa maawisi. Fosia alikuwa ameleta moja mpya kutoka sokoni, nzuri, ya bluu. Ilwad aliitazama mara moja tu. “Hii ni ya Mzee Shuaib wa dukani.” Wakaleta ya kahawia. “Hii ni ya imamu.” Alitaka ya kijani yenye miraba myekundu, kama ya Aabo, na hasemezeki. Fosia alirudi sokoni mara ya pili na ya tatu, akapigwa na jua, akakosa.

Na ya kijani ilikuwepo. Ilikuwa chini ya godoro la Yurub. Isnino alipokuwa anakunja nguo za sadaka, Yurub alichomoa hiyo moja kwenye rundo, akaificha kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa anailalia. Ilikuwa bado na harufu yake, jasho na moshi na ngamia, ingawa kila siku harufu ilizidi kupungua, na mwishoni alikuwa hajui kama anainusa au anaikumbuka tu.

Jumatano, Ilwad alipokwenda dugsi kusoma Kurani, Yurub aliitoa. Akaitandaza mkekani. Isnino alisimama mlangoni, akaitambua, na hakuuliza imetoka wapi.

“Utaikata?”

“Nitaikata.”

“Ungempa maskini ukapata thawabu.”

“Mama, yatima ni maskini vilevile.”

Neno lilimwingia Isnino. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama mkwewe akipima kwa shibiri: kiuno cha mtoto, urefu mpaka kifundoni, cha kupinda juu na chini. Yurub alichora kwa kipande cha sabuni. Mkasi ulipofika kitambaani akasema bismillahi, akakata. Sauti ya mkasi katika nguo ya mtu wako ni kitu kibaya sana. Yurub alilia huku anakata, hakujificha, machozi yakamdondokea kwenye miraba na akaendelea. Alijiambia afadhali kitambaa kiende kwenye mwili wa damu yake. Alijiambia mtoto atafurahi. Kesho wote watacheka, atapigwa picha, Fosia ataileta kwenye simu. Maana mwenyewe hataweza kwenda. Mwenye eda hatoki bila dharura, na Siku ya Kazi ya chekechea si dharura kwa shehe yeyote.

Alipiga bandi kwanza, halafu cherehani. Kiunoni akatia lastiki. Karibu na pindo kulikuwa na tundu dogo la moto, la miezi mingi, alilokuwa amelitia uzi mwenyewe. Abdijabar alimwambia siku ile kwamba chetezo cha ubani kilimwangukia, naye Yurub akamgombeza kwa uzembe wake. Sasa akalikunjia ndani ya upindo, likapotea. Na kwa kuwa mtoto hawezi kuambiwa nguo ya baba anayerudi imekatwa, Yurub aliandaa jibu: Habaryar Fosia, mama mdogo wa jirani, ameipata hatimaye, sokoni, kwa taabu. Uongo mdogo, juu ya ule mkubwa.

Ilwad aliporudi alasiri, alipiga ukelele uliowatoa kuku wa Fosia ukutani. “Umeipata! Hooyo, ya kijani! Umeipata!”

“Fosia ameipata. Kaizungukia soko zima.”

Wakamvisha. Maawisi, shati jeupe, kibaraghashia, shali begani, fimbo. Mwisho ndevu. Alipogeuka, Isnino aliweka mkono kifuani. Jamani, alikuwa Abdijabar aliyefupishwa. Hata anavyosimama, tumbo mbele, fimbo nyuma ya shingo na mikono imening'inia juu yake. Yurub alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua.

“Nani anauza?” Ilwad aliuliza kwa sauti nzito. “Mzee, huyu ngamia ni wako?”

“Wangu,” akajibu Isnino. Ngamia alikuwa kigoda. “Na haondoki kwa bei ya bure.”

“Lete mkono.”

Nyanya akaingiza mkono chini ya shali. Ilwad akabana kidole, akatazama juu mbinguni kama mtu anayehesabu mali. Isnino akabana naye. Ilwad akaruka. “Wallahi utanifilisi!” Na Isnino akacheka. Alicheka kwa sauti, kinywa wazi, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu simu ya Griftu. Yurub aliwatazama, moyo ukampanuka, akaona alifanya vyema, kila kitu alifanya vyema.

Dalali akishauza hukaza nguo yake. Umewaona: wanainama, wanashika pindo, wanalipandisha na kulichomeka kiunoni ili watembee upesi. Ilwad akainama, akashika pindo, akalipandisha. Upande wa ndani ukaja juu.

Akaganda hivyo, ameinama.

“Hooyo. Hili tundu ni langu.”

“Tundu gani?”

“Mimi ndiye nilikiangusha chetezo. Aabo alisema tusikuambie, utanichapa.” Alikuwa anagusa ule uzi kwa kidole. Halafu akainua uso, ndevu zimekwenda upande. “Hii si ya sokoni. Hii ni ya Aabo.”

“Ndiyo,” akasema Yurub.

“Umeikata?”

“Ndiyo, mwanangu. Ili...”

“Sasa Aabo akija atavaa nini?”

Kuku wa Fosia walirudi ukutani, wakakaa. Ilwad aliwatazama mama na nyanya, mmoja halafu mwingine, akingoja, maana lilikuwa swali la kawaida kabisa na watu wazima wanajua majibu ya maswali kama hayo. Kisha akavua ndevu. Akavua shali, akaiweka. Akavua maawisi, akabaki na kaptula yake ya ndani na shati, akaikunja vibaya, akaiweka mapajani pa mama yake.

“Irudishe ilivyokuwa.”

“Yurub,” Isnino alisema. “Sasa. Usiposema wewe nitasema mimi.”

Lakini Yurub alikuwa ameshashika wembe. Mtu mzima, na akili zake timamu! Alifumua upindo. Alifumua lastiki. Alichukua kile kipande kilichobaki, akakilaza ukingo kwa ukingo, akalinganisha miraba, akaanza kuunga. Ilwad alikaa karibu, akamshikia kitambaa kisiteleze, akampa uzi. Alimsaidia kwa uzuri, kama mtoto anayejua kazi ni ya haraka kwa sababu mwenye nguo yuko njiani. Isnino alitazama mara moja, akajifunika uso kwa mtandio.

Mshono ulipokwisha, Ilwad alisimama juu ya kigoda, akaishika nguo chini ya kidevu, ikashuka. Mstari mnene ulikuwa umeipasua katikati. Na pindo za kuunga zilikuwa zimekula kitambaa.

“Ni fupi,” akasema. “Aabo ni mrefu. Watu watamcheka.”

Hapo ndipo Yurub alipovunjika. Alimshusha kigodani, akampakata, akaanza kusema, na alisema vibaya, kwa kigugumizi, si kama alivyopanga siku ile ya kwanza.

“Ilwad. Aabo haji.”

“Kesho haji?”

“Haji kabisa. Lori lilianguka. Aabo amekufa, mwanangu. Wamemzika huko Griftu.”

Mtoto alifikiri. “Amekufa kama mbuzi wa Habaryar Fosia?”

“Ndiyo.”

“Lini?”

“Ulipokuwa Kotile.”

“Nilipokuja na maziwa alikuwa ameshakufa?”

“Alikuwa ameshakufa.”

Yurub alingoja kilio. Alikuwa ametayarisha mikono yake, kifua, kila kitu. Kilio hakikuja. Ilwad alijitoa mapajani taratibu, akasimama hatua chache mbali, akamkazia macho.

“Si kweli,” akasema.

“Ni kweli.”

“Ulisema maawisi imenunuliwa sokoni. Ulisema mguu unauma, na jana umepanda juu ya meza kufuta utando wa buibui. Ulisema atakuja.” Sauti haikupanda. “Unasema tu.”

“Ilwad, naapa kwa Mungu...”

“Unasema tu,” akarudia mtoto, akaingia ndani.

Jioni hiyo hakuuliza kitu. Alikula, akalala, akampa mama yake mgongo. Isnino alisema mwache, kichwa cha mtoto kinatafuta njia yake. Yurub aliichukua ile maawisi yenye kovu, akaikunja, akaona hana pa kuiweka. Chini ya godoro isingefaa tena. Akaiacha juu ya cherehani.

Asubuhi Ilwad alivaa sare yake ya kawaida. Ndevu zilikuwa pale pale kwenye msumari, hakuzigusa. Fosia alipokuja kumchukua, na wanawe wawili, mmoja zimamoto na mmoja sijui nani mwenye miwani ya jua, alimtazama Yurub kwa mshangao. Yurub akatikisa kichwa: ameambiwa. Fosia akafunika mdomo.

“Nenda na shali basi,” Yurub alimwambia Ilwad. “Shali tu. Uwe dalali.”

“Sitaki.”

Yurub aliwasindikiza mpaka mlango wa uani, akaishia hapo. Alimtazama binti yake akiondoka kati ya zimamoto na yule wa miwani, mkoba mgongoni, hageuki nyuma. Njia ilikuwa imejaa madaktari na marubani wadogo wakishikiliwa na mama zao, kila mama anarekebisha kofia, anapangusa pua. Angalitoka. Wallahi alitaka kutoka, eda na isemwe inavyosemwa. Alisimama pale mpaka njia ikawa tupu, kisha akarudi ndani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Alisikia mlango, akatoka mbio, mikono ina povu. Ilwad aliingia wa kwanza. Alisimama mbele yake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu jana.

“Mwalimu amesema ni kweli,” akasema.

Akampita. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa nyanya yake, na kutoka humo kikaja kilio. Kilianza chini, kama anakohoa, halafu kikafunguka, Aabo, Aabo, Aabo, kilio chote cha wiki zile ambazo wengine walikuwa wamekwisha kulia bila yeye.

Yurub alimgeukia Fosia. “Amefanya nini? Mwalimu amesema nini?”

Fosia alikuwa amevimba macho. Alieleza kwa vipande. Watoto walipanga mstari mbele ya wazazi, mmoja mmoja anasema mimi nitakuwa fulani, watu wanapiga makofi. Zamu ya Ilwad ikafika, na Bishara, asiyejua lililotokea, akamwuliza kwa furaha: “Na Ilwad wetu atakuwa nani?” Mtoto hakujibu hilo. Alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: “Mwalimu, Hooyo amesema Aabo amekufa. Ni kweli?”

“Mbele ya watu wote?”

“Mbele ya watu wote. Na kila mtu pale anajua, abaayo. Ukumbi mzima tuliangalia viatu vyetu.” Fosia alijifuta kwa kiganja. “Bishara akapiga magoti. Akasema ni kweli, mpenzi. Ilwad akamwuliza, ulijua? Akasema nilijua. Basi mtoto akashuka jukwaani, akaja akanishika mkono, akasema twende nyumbani.”

Yurub hakungoja zaidi. Aliingia chumbani. Isnino alikuwa kitandani ameegemea ukuta, Ilwad amejikunja kifuani pake, na mama mtu mzima alikuwa analia pamoja naye bila aibu, anamsugua mgongo, anamwambia ndiyo, ndiyo, lia, alikuwa mwanangu. Yurub alipiga magoti ukingoni mwa kitanda. Povu la sabuni lilikuwa bado mikononi. Alimgusa mtoto bega, na bega likakaza.

“Mwanangu,” akasema, “si nilikuambia jana? Mimi mwenyewe si nilikuambia?”

Ilwad aligeuza uso kidogo, umelowa wote, na hakuwa na hasira hata chembe.

“Uliniambia,” akasema. “Na atakuja pia uliniambia wewe.”

Akamrudia nyanya yake. Yurub aliondoa mkono begani mwa mtoto, lakini magoti hakuyanyanyua, akabaki pale sakafuni mpaka kilio kikaisha na binti yake akalala mikononi mwa mtu mwingine.